Foma ya Kampuni Yoyote

Kila mwezi, pensheni ikishaingia, kuna mzee mmoja hufika dukani kwangu hapa Majengo, Moshi, na fimbo yake na kikapu cha ukindu. Namwamkia, ananiitikia, anauliza watoto, anauliza kama mvua imenyesha kwetu Uru, halafu anakohoa kidogo na kusema, "Nipe Foma, mama. Ya kampuni yoyote."

Foma ilikuwa sabuni ya unga ya ujana wetu. Ilifuliwa sare za shule, ilifuliwa mashuka ya hospitali, ikakaa midomoni mwa watu hadi sabuni ya unga haikuwa na jina lingine. Sasa mzee anajua vizuri kwamba pakiti nitakayompa ina jina jingine kabisa. Ndiyo maana anaongeza hayo maneno ya "kampuni yoyote". Anachotaka ni povu, na povu kwake linaitwa Foma.

Kijana wangu wa dukani, aliyezaliwa 2002, aliwahi kumjibu nikiwa nimeenda kanisani: "Foma hatuna, mzee." Mzee akashukuru, akavuka barabara, akanunua pakiti tatu za sabuni ileile tuliyokuwa nayo sisi, imejaa shelfu nzima nyuma ya kichwa cha kijana. Niliporudi nilimkalisha juu ya kreti la soda nikamfundisha lugha. Kiwi ni dawa ya viatu, hata kama kopo limeandikwa kitu kingine. Bigijii ni kitu chochote cha kutafuna kisichomezwa, na akija bibi akataka Pikei, mpe hiyohiyo bigijii. Blubendi ni siagi ya kupaka mkate. Betri ni National, ingawa baadaye ziliandikwa Panasonic. Na mtu akikuambia umtilie kwenye rambo au malboro, usishangae, mwambie serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo ya plastiki Juni 2019, umfungie kwenye gazeti.

Kijana akauliza, "Na sado nayo?"

Hapo alinishika, maana sado ndilo kipimo cha soko zima la Mbuyuni. Nyanya sado, viazi sado, mbaazi sado. Alidhani ni neno la Kiswahili la tangu enzi za mababu, kama pishi na kibaba. Nikamwambia ni ndoo ya rangi ya ukutani ya Sadolin, lita 4. Fundi akimaliza rangi, mama ntilie anaiosha, na ikishaoshwa inakuwa mali. Debe nalo, kabla halijawa debe la mahindi, lilikuwa la mafuta ya taa. Akabaki ananitazama kama nimemwambia kilo ni jina la mtu.

Mimi nimekulia dukani. Mama alifungua duka lake mwanzoni mwa 1978, chumba kimoja kinachotazama barabara, shelfu za mbao za mkangazi zilizopigwa na fundi wa mtaani, mizani ya mawe, na daftari la mkopo lenye jalada la kaki. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa Februari ya mwaka uliotangulia, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Oktoba majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Vita ikaisha mwaka uliofuata, Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mama hupenda kusema miezi hiyo 18 ilizaa, ikapata na wajukuu.

Watu wakikumbuka vitu vya zamani huvikumbuka kana kwamba vilikuwepo. Mimi niliyekuwa nyuma ya kaunta navikumbuka kwa kutokuwepo. Nakumbuka nafasi tupu ya sukari kwenye shelfu, na mduara wa vumbi mahali kopo liliposimama. Bidhaa zilikuwa zinashushwa mikoani kupitia RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na wenye maduka walipata mgawo kwa kibali. Bei ilipangwa na Tume ya Bei, tangu 1973, na ilitakiwa iandikwe mahali inapoonekana. Sisi tuliiandika kwa chaki ubaoni, vizuri sana, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu. Bei ilikuwepo. Kitu chenyewe ndicho hakikuwepo.

Na uchungu wa Moshi ulikuwa wa namna yake. Viberiti vya Kibo vilitengenezwa hapahapa mjini kwetu, lakini kuna miezi nilitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto nikalibeba ndani ya ganda la mgomba, nakimbia huku nalipulizia lisizime. Sukari ilitoka TPC, Arusha Chini, mashamba ambayo Wadenmark walianza kuyalima miaka ya 1930 na wakati huo yalikuwa yamekuja mikononi mwa serikali. Mjomba wangu alifanya kazi shambani kule. Jumapili alikuja kutusalimia na mzigo wa miwa begani, tunamenya na kutafuna mpaka ulimi unachubuka, halafu jioni tunakunywa chai ya rangi na pipi moja shavuni. Unaiweka pipi upande, unapitisha chai juu yake, na unajitahidi isiishe kabla ya kikombe. Dada yangu alikuwa na pipi moja ya kunywea vikombe viwili. Mimi sikuwahi kuwa na nidhamu hiyo.

Kulikuwa na karani mmoja wa mgawo, ofisi yake siitaji, ambaye mtu akienda na kibali cha sukari anamwambia sukari ipo, ila inakwenda na majembe. Ukitaka magunia mawili, chukua na majembe dazeni kadhaa. Mama akachukua. Baadaye ikawa sabuni inakwenda na soli za viatu za mguu wa kushoto. Nasema kweli, wa kushoto tu, wa kulia nadhani walipewa watu wa mkoa mwingine. Tuliishi na hayo majembe miaka. Kila binti wa ukoo wetu aliyeolewa hadi 1990 aliondoka na jembe moja la zawadi, na wakwe walitusifu kwamba tunafundisha mabinti kazi.

Foleni nayo ilikuwa shule. Duka likipata mgawo, habari ilifika mtaani kabla ya lori. Watu walipanga foleni usiku, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusimama mpaka asubuhi, walipanga mawe. Jiwe lako ni wewe. Matofali, kandambili, kikapu, vyote vilisimama kwenye mstari kimya kimya mpaka alfajiri. Mimi nilikuwa natumwa kupanga jiwe kwenye maduka mengine, maana hata mwenye duka alihitaji sabuni ambayo kwake haikuja. Siku moja nilipanga jiwe la kijivu, zuri tu, nikarudi saa kumi na moja alfajiri nikakuta mawe ya kijivu sita. Mama mmoja akasema langu ndilo lile la mwisho. Nikalia. Tangu siku ile nilitumia kipande cha tofali chenye alama ya msumari, na mpaka leo bidhaa yangu yoyote ikiingia dukani naitia alama, kijana wangu anadhani ni ushamba.

Kuhusu sabuni, bibi yangu wa Uru hakubabaika. Alituonyesha majani ya mpapai, unayafikicha kwenye maji mpaka yatoe povu la kijani, nguo inatakata japo inabaki na harufu kama ya dawa ya minyoo. Maganda ya ndizi aliyakausha, akayachoma, majivu yake akayachuja kwa maji, ukigusa yanakwaruza vidole. Alikuwa akifua hivyo tangu hapo, kabla hatujamletea sabuni, na nadhani moyoni alifurahi kidogo kwamba tumerudi kwake.

Unga wa njano wa msaada wenyewe tuliuita yanga. Ugali wake ulikuwa mtamutamu na mzito, na mashabiki wa Simba mtaani kwetu walikuwa wakiula wamenuna. Sitaongeza zaidi, kila mtu wa rika langu ana hadithi yake ya yanga na zote zinafanana.

Kilichokuwa na rangi katika miaka ile kilitoka Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya.

Shangazi yangu aliolewa Himo, na Himo na Holili ya mpakani ni kama sebule na baraza. Mpaka ulifungwa kwenye karatasi, lakini njia za ng'ombe hazikupewa nakala. Alitoka usiku na wenzake, wanavaa khanga tatu tatu, wanarudi wamenenepa. Siku akija Majengo, mama alifunga mlango wa duka, shangazi anasimama katikati ya chumba na kuanza kujifungua kama mahindi yanavyomenywa. Kutoka kiunoni anatoa Lux. Kutoka mgongoni Imperial Leather, yenye kile kibandiko chake kisichotoka hata sabuni ikiisha. Ndani ya kapu, chini ya parachichi, makopo ya mafuta ya kupikia, Kimbo na Cowboy. Mara moja alileta maziwa ya Nyayo, yale waliyokuwa wakigawiwa watoto wa shule Kenya, pakiti ya pembetatu. Tuligombania kuishika kabla hata ya kuinywa. Tulikuwa hatujawahi kuona maziwa yenye kona.

Imperial Leather haikuogewa. Ilikwenda sandukuni, katikati ya vitenge vya mama, na sanduku lilipofunguliwa siku ya harusi au msiba chumba kizima kilibadilika. Sabuni moja ilikaa miaka minne. Nilipokuja kuiogea mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima na mshahara wangu, nilinusa mikono yangu nikakumbuka misiba.

Kopo la Kimbo ndilo lililokuwa na maisha marefu kuliko vyote. Mafuta yaliisha mwezi mmoja. Kopo lilianza kazi hapo. La kilo mbili lilikuwa kipimo cha mahindi na maharage, Wakenya wanaliita gorogoro. Dogo lilipimia mafuta ya taa. Lililotoboka lilikwenda kwa fundi bati likarudi kibatari. Kifuniko kilikuwa sahani ya mtoto. Mwanamke akija kununua Kimbo kwa mama, la kwanza alilofanya si kusoma kilichoandikwa. Alibinya ubavu wa kopo aone kama limepondeka, akafungua na kufunga kifuniko mara mbili. Mafuta ni mafuta, mama aliniambia, lakini kopo lililopondeka linaiba. Hakuwa anatania, maana ukipima kwa kopo lililoingia ndani kidogo, kila kipimo ni punje chache pungufu, na sokoni watu wanajua.

Machi 1983 redio ikaanza kutangaza wahujumu uchumi. Sokoine alikuwa amerudi kuwa Waziri Mkuu, na msako ukaanza nchi nzima, Aprili Bunge likapitisha sheria yake. Walanguzi wakubwa walikamatwa, na mtaani kwetu wengi walishangilia, hata mama alishangilia, maana alikuwa na yule karani moyoni. Kushangilia kulikoma pale watu waliposikia kwamba kukutwa tu na bidhaa usizoweza kuzieleza kunatosha. Usiku ule ule watu wakaanza kutupa vitu. Asubuhi mtoni unakuta povu. Mtu mmoja mtaani kwetu alimwaga sukari chooni, gunia zima, sisi watoto tukawa tunapita hapo tunanusa.

Mama hakutupa. Alikuwa na katoni moja ya Lux na makopo mawili ya Kimbo ya kilo mbili, mazima, hayajaguswa. Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa, na usiku huo alikuwa safari. Tukapanda Uru, mama, mimi na kaka yangu, tukafika kihambani, shamba letu la ukoo, saa tano za usiku. Alikuwapo baba mdogo tu, ambaye kwa kuwa ndiye kitinda mimba ndiye aliyebaki na nyumba ya babu. Alishika taa ya chemli. Katoni ikafungwa nailoni ikazikwa karibu na zizi. Makopo mama aliyatia kwenye vyungu viwili vya mbege vilivyopasuka midomo, akafunika kwa jiwe bapa, kila chungu shimo lake, ili likikamatwa moja lisimtaje mwenzake. Juu akapandikiza isale, awe na alama.

Mtu asiyejua kihamba anaweza kudhani hiyo ni akili. Isale ndilo jani letu la kuombea msamaha, Mchaga akikuletea huwezi kumkatalia, lakini pia ndiyo mipaka yetu, ndiyo ua wetu, liko kila kona. Kupandikiza isale kihambani ili upate alama ni kama kuchora alama majini.

Halafu Novemba mwaka uleule mpaka ukafunguliwa.

Nilikuwa na miaka 12, lakini naweza kusema hapo ndipo nilipojifunza biashara. Kitu tulichokizika kama dhahabu mwezi Aprili kilikuwa kinauzwa juani Himo kabla ya Krismasi. Mama alipanda Uru na jembe. Lux akaipata, imeingiwa na unyevu, imevimba kama mkate ulioloa, ina harufu ya udongo na mavi ya ng'ombe. Tuliiogea hivyohivyo mwaka mzima. Makopo hakuyaona. Alichimba siku mbili, isale baada ya isale. Mwishowe akasimama, akajifuta mikono, akamtazama baba mdogo, na hakusema neno.

Hilo ndilo lililokuwa baya. Angesema, yangeisha. Hakusema, lakini tangu siku hiyo baba mdogo hakupimiwa tena chochote dukani kwa mkopo. Akija anahudumiwa kama mgeni, "Karibu shemeji", pesa mkononi, chenji mezani. Sikukuu tulipanda Uru tukala nyama, mama akala na wote, lakini sahani ya baba mdogo hakuipeleka yeye. Wanawake wa ukoo walijua. Watoto tulijua. Nadhani hata mbuzi walijua. Makopo mawili ya mafuta, ambayo miezi minane baadaye ungeyanunua popote.

Akaja Mzee Mwinyi 1985, ikawa ruksa, na duka la mama, lililovumilia ukame wote ule, likaanza kuyumba wakati wa masika. Alikuwa hodari wa uhaba. Alijua nani ana mtoto mchanga ampe sukari robo ya siri, nani anaweza kungoja, nani akikopeshwa analipa msimu wa kahawa. Vitu vilipojaa, hodari huyo hakuhitajika tena. Mteja akataka kuchagua. Kuna sabuni aina nane, wewe una mbili, anapita. Mama alichukia kuchagua kwa watu. Alisema mtu anayesimama mbele ya shelfu dakika tano hana shida ya sabuni, ana shida nyingine. Nilichukua duka mikononi mwake 1998 na nilibishana naye kwa kila bidhaa mpya niliyoingiza, na bidhaa nyingi kati ya hizo leo nazo zimekufa. Simkumbuki mteja hata mmoja anayeziulizia. Zilikaa madukani miaka 10 kwa wingi na hazikuacha hata kopo.

Hilo huwa linanisumbua nikifunga hesabu jioni. Zamani kitu kiliondoka kikakuachia chombo au jina. Chupa ya skwashi ya Treetop iliyotoka Kenya ilibeba uji wa shule vizazi viwili. Siku hizi kila kitu ni kipakiti. Mafuta, sabuni, majani ya chai, dawa ya meno, unakata kwa meno, unamwaga, unatupa. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kununua kopo, ananunua siku yake moja. Simlaumu, ndiye mteja wangu mkubwa. Lakini nikifagia mbele ya duka nafagia kampuni nzima nzima.

Na mimi pia nimezika, karibu nizike. Machi 1, 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku. Tangazo tulilisikia mapema, lakini mfanyabiashara masikio yake husikia mwisho wa neno tu, na mimi nilisikia kwamba watasogeza mbele. Siku ilipofika nilikuwa na katoni kadhaa stoo. Nikaanza kuwaza chini ya kitanda, dari, na kwa kaka Uru. Mama alikuwa amekaa pale mlangoni anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Unataka kuzika?"

Nikanyamaza.

"Ukizika, na mtu wa kushika taa umtafute usiyempenda."

Nilizitoa katoni zile. Hasara ile niliilipa mpaka Pasaka ya mwaka uliofuata. Rambo zilipokuja kufuata 2019 sikungoja mwisho wa neno, niliacha kununua miezi miwili kabla, na wiki ya kwanza ya Juni nikamwonyesha kijana jinsi ya kukunja gazeti liwe kama pembe, ukatia sukari, ukafunga mdomo bila gundi. Vidole vyangu vilikuwa havijasahau. Mama alinifundisha kwa magazeti ya Uhuru, na kosa lilikuwa kofi la mgongoni, maana sukari ikimwagika hakuna nyingine.

Baba mdogo alifariki kabla ya hayo yote. Amezikwa kihambani, kama kawaida yetu, nyuma ya nyumba ya babu. Mama alilia msibani, alilia sana, nikawa najiuliza analia nini.

Desemba iliyopita tulipanda Uru wote. Kaka yangu anajenga, na vijana wawili walikuwa wanachimba shimo la choo upande wa chini wa migomba, mbali kabisa na mahali mama alipochimba miaka ile. Saa nane mchana jembe likagonga kigae. Kijana akatoa kipande cha chungu, kisha kingine, kisha akatuita.

Kopo lilikuwa limeliwa na kutu upande mmoja, hata hivyo lilikuwa kopo. Maandishi hakuna. Ndani kitu kigumu, rangi ya udongo, na harufu ambayo mbwa aliinusa mara moja akaenda zake. Kaka akasema hiyo Cowboy. Dada, ambaye usiku ule wa kuzika hakuwapo, akasema ni Kimbo, tena anakumbuka siku yenyewe. Watoto wetu walipiga picha, wakauliza kwa nini mtu azike mafuta ya kula, na kila mmoja wetu akaanza kueleza kwa mpigo, mmoja vita, mwingine mpaka, mwingine Sokoine, mpaka watoto wakachoka wakarudi kwenye simu zao.

Mama yuko juu ya miaka 80. Alikuja taratibu kwa fimbo, watu wakampisha. Hakuuliza ni la nini. Alilichukua akaligonga kwenye jiwe udongo ukadondoka, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akabinya ubavu ule mzima kama alivyokuwa akiwaona wateja wake wanafanya.

"Kifuniko kiko wapi?"

Kijana akamwonyesha, kimeoza.

Nilikuwa namwangalia usoni. Nadhani sote tulikuwa tunamwangalia, hata kaka ambaye hujifanya hajui habari za wanawake. Kutoka pale tulipokuwa tumesimama kaburi la baba mdogo linaonekana vizuri, vigae vyeupe, na isale zimesimama kulizunguka. Mama alikaa kimya muda ambao mtu angeweza kusali sala fupi. Kisha akamrudishia kijana kopo.

"Yalikuwa mawili," akasema.

Akaagiza kigoda, akakiweka ukingoni mwa shimo, mgongo wake kwenye kaburi, akawaambia vijana waendelee.

Walichimba mpaka giza. Kaka aliwaambia choo hakihitaji shimo pana kiasi kile, na mama akamwambia anyamaze.